Kibanda cha Kumbukumbu ya Taifa

Alama ya X ilipigwa kwenye kibanda cha fundi cherehani siku ya Jumatatu, na tuseme haki, ilipigwa vizuri. Watu wa halmashauri wanaweza kushindwa kuzoa taka, wanaweza kuliacha shimo la barabarani mpaka likaota majani na vyura wakahamia, lakini kwenye kupiga X hawana mpinzani. Mistari ilinyooka, rangi nyekundu haikuchuruzika hata tone, na pale mistari ilipokutana ndipo hasa kilipokuwa kitasa cha mlango.

"Kuna nini tena, bosi?" fundi aliuliza, pini zikiwa bado zimebanwa mdomoni.

"Sikukuu ya taifa," alijibu mwenye kopo la rangi.

"Mimi na sikukuu tumekosana lini?"

"Mgeni rasmi atapita barabara hii akienda uwanjani. Hatakiwi kuona vibanda."

"Akiviona?"

Mwenye kopo alisimama akafikiri. Ilionekana wazi kwamba tangu aanze kazi ile hakuna aliyewahi kumuuliza. "Akiviona," alisema mwisho, "si atajua vipo."

Tingatinga, akaongeza, litapita Ijumaa ya wiki ijayo, na fundi asiwe na wasiwasi, maana dereva wake ni mtu mstaarabu sana, anapiga honi kwanza. Kisha akachovya brashi akaenda kwa muuza viatu vya mitumba.

Fundi alizitoa pini mdomoni moja moja. Kibanda kile cha mabati na mbao kilikuwa cha marehemu baba yake. Ndicho kilichowalisha nyumba nzima, kwa sababu mshahara wa mke wake, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi pale ng'ambo ya barabara, ulikuwa ni wa kutambulishia tu kwamba naye ana kazi.

*

Jioni ile mke wake alikuwa mezani kabla yake, amezungukwa na karatasi, kalamu sikioni, naye akihangaika na sikukuu ileile. Ndiyo maana nasema taifa halibagui. Mume limempigia X, mke limempa kazi ya kuliandalia somo.

Zamani historia ilikuwa historia. Mwalimu anaingia, anataja mwaka, watoto wanauimba, kengele inalia, mambo yamekwisha. Siku hizi kuna kitu kinaitwa mada unganishi, yaani kila somo limbebe jirani yake mgongoni. Mada aliyopewa mwalimu ilikuwa "Siku za Kumbukumbu za Taifa Letu," darasa la nne. Kwenye Hisabati watoto wangehesabu miaka tangu uhuru. Kwenye Sayansi wangechunguza kwa nini kitambaa cha bendera kinapauka juani. Kwenye Michezo wangepiga gwaride, kwenye Sanaa wangechora. Stadi za Kazi bado ilikuwa tupu. Na chini kabisa, mstari uliomkosesha raha tangu juzi: "Ziara ya kutembelea eneo la kihistoria lililo karibu na shule."

Karibu na shule palikuwa na mashine ya kusaga, baa mbili na duka la magodoro.

"Baba Watoto, wewe ungewapeleka wapi?"

"Wapeleke baa ya pili. Ile ina historia."

"Nakuuliza kwa uzuri."

"Nami nakujibu kwa uchungu. Wamenipigia X."

Akamweleza. Mwalimu aliitoa kalamu sikioni akaiweka mezani taratibu, kama mtu anayeweka yai.

Mama mkwe wake, yaani mama mzazi wa fundi, aliyekuwa kwenye mkeka akichambua mchele, hakuinua kichwa. "Safari hii mgeni ni nani?"

"Hawajasema, mama."

"Mwaka ule walimpitisha mmoja, tukapaka nyumba chokaa upande wa barabarani tu. Alipogeuka kurudi akapitia nyuma." Akacheka mpaka mchele ukamwagika.

Mwalimu akamgeukia, maana akili ya mwalimu ikikwama huwa inatafuta mtu wa kuhoji. "Mama, siku yenyewe ya uhuru, ile ya kwanza, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo duniani. Uwanjani sikwenda. Nani angebaki na watoto? Uhuru ulifika, wao wakalia njaa vilevile."

"Na marehemu baba?"

"Yeye alishona suruali. Mpiga tarumbeta wa bendi alikuja mbio asubuhi, imempasuka nyuma, pale unapopajua. Anatembea kinyumenyume watu wasimwone. Mume wangu akamtilia kiraka, akaenda kutupigia wimbo."

"Alimshonea palepale kibandani?"

"Sasa mkwe wangu, tulikuwa na kiwanda?"

Kalamu ikarudi mkononi. Fundi aliiona ikirudi, na kwa kuwa amekaa na mwenye kalamu ile miaka mingi, akaenda kusimama nyuma yake. Mwalimu aliandika kwa mwandiko wa ubaoni: "Kibanda cha ushonaji ambako sare za bendi ya siku ya uhuru zilishughulikiwa."

Fundi alisoma juu ya bega lake. "Zilishughulikiwa?"

"Ndiyo."

"Ilikuwa suruali moja, Mwalimu. Matako yake."

"Suruali si sare?"

"Ni sare."

"Mpiga tarumbeta si bendi?"

"Ni bendi."

"Basi nionyeshe uongo uko wapi. Na eneo la kihistoria huwa halivunjwi. Hilo nililisoma chuoni."

Fundi alilitafuta kosa, akalikosa, na usiku ule akalala vizuri. Hapo ndipo alipokosea.

*

Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa suti moja na kalamu nyekundu tatu. Mkaguzi wa elimu alikuwa ametangaza kuja kuiona mada unganishi wiki ya sikukuu, kwa hiyo mkuu aliisoma kazi ya mwalimu kama anayekagua mahari ya binti yake.

"Hii ya kibanda ni nzuri. Ila imelegea." Akazungushia duara neno moja. "Zilishughulikiwa. Hili ni neno la mtu anayeficha kitu. Kwani hapo hapakushonwa bendera?"

"Bendera, mkuu? Sijasikia."

"Fundi nguo, siku ya uhuru, nchi nzima inatafuta bendera, halafu yeye akae na suruali? Haiingii akilini."

"Sina hakika, mkuu."

"Hakika ni mambo ya sekondari, Mwalimu. Hapa ni shule ya msingi." Akaandika BENDERA kwa wino mwekundu, akagonga muhuri, akapeleka halmashauri kuombea kibali cha ziara.

Pale halmashauri karatasi iliangukia meza ya afisa utamaduni, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, aliyekuwa ameagizwa kutafuta eneo lolote la kumbukumbu ili mgeni rasmi aoneshwe kitu njiani. Alikuwa amezunguka mji mzima akarudi na jiwe moja, na lile jiwe lilikuwa na mwenyewe. Aliposoma "bendera" alinyanyuka kitini. Bendera bila maelezo aliona haina nguvu. Akaongeza "ya kwanza."

Kwa hiyo Jumatano ya wiki iliyofuata, asubuhi, yule mwenye kopo alirudi, safari hii na rangi nyeupe, akaifuta X yake mwenyewe kwa masikitiko, maana ilikuwa kazi nzuri.

"Fundi, kumbe wewe ni mtu mkubwa! Ungesema."

Fundi siku hiyo aliwapelekea nyumbani soda, mama yake akapata ya machungwa. Mwalimu aliinywa yake pole pole, kidevu juu. "Mnaona faida ya kusoma?" alisema.

*

Ijumaa tingatinga lilipita kama lilivyoahidi, likapiga honi, likabomoa kibanda cha muuza viatu, likabomoa cha kinyozi, likakikwepa cha fundi kwa adabu kama linavyokwepa msiba. Fundi alisimama mlangoni kwake asijue atazame wapi. Kinyozi, aliyekuwa anaokota vipande vya kioo chake, alimwambia, "Hongera, Mheshimiwa," na ile hongera ilimkaa fundi kooni siku mbili.

Jumatatu alipokuja kufungua kazi, alikuta kibanda kimepakwa rangi ya buluu, kimezungushiwa kamba ya manjano, na mbele yake kibao cha chuma chenye maneno mengi. Kufuli yake ilikuwa imekatwa. Palikuwa na kufuli nyingine, kubwa, ya serikali. Afisa utamaduni alikuwa anapiga picha.

"Shikamoo mama. Naomba unifungulie, nina wateja."

"Marahaba. Haiwezekani, baba. Eneo la kumbukumbu haliguswi."

"Cherehani yangu imo ndani."

"Si ndiyo iliyoshona bendera!"

"Hii? Hii nimeinunua mwenyewe, mama, baada ya ile ya mzee kufa mguu."

Afisa aliangalia kushoto na kulia, akamsogelea. "Baba, maneno kama hayo usiyaseme mbele za watu. Utaharibu historia yako."

Mama mmoja alikuwa amefika nyuma yao, mtoto kamshika mkono. "Fundi, sare ya huyu umemaliza?"

"Imo ndani."

"Itoe basi, kesho ana shule."

"Na yenyewe imekuwa kumbukumbu," fundi alisema.

Mama yule alidhani anadhihakiwa. Alimpa maneno ambayo siwezi kuyaandika, maana hadithi hii nayo inaweza kusomwa shuleni.

Wateja walikuja mmoja mmoja siku ile, wakamkuta fundi wao amesimama nje ya kamba mikono mitupu, tepu ya kupimia shingoni. Wengine walimpa pole. Wengine walipiga naye picha.

*

"Ungewaacha wavunje," fundi alisema jioni, bila kupandisha sauti, na mwalimu angependelea apandishe. "Wangevunja, ningebeba cherehani yangu nikakaa chini ya ukuta wa mtu, nikashona. Wewe umekiokoa kibanda, ukanifukuza mimi."

"Nilitaka kukusaidia, Baba Watoto."

"Najua. Ndiyo maana sina hata wa kumkasirikia."

Mama mkwe alikohoa. "Bendera! Marehemu alikuwa hajui rangi ipi inakaa juu. Kila sikukuu alikuwa anaitundika kichwa chini mpaka balozi wa mtaa anakuja kumgeuzia."

Kesho yake mwalimu aliomba ruhusa akaenda halmashauri kusema kweli. Alikuwa ameifanyia mazoezi njiani. Alimweleza afisa kila kitu: suruali, kiraka, neno lake yeye mwenyewe lililolegea, kalamu ya mkuu. Alimwambia hapakuwahi kushonwa bendera yoyote pale, si ya kwanza si ya mwisho.

Afisa alimsikiliza kwa upole wote. "Mwalimu, una ushahidi?"

"Ushahidi wa nini?"

"Kwamba haikushonwa."

"Mama, nitapataje ushahidi wa kitu ambacho hakikutokea?"

"Hapo sasa!" Afisa alifurahi kweli, kama mwalimu aliyepata jibu kwa mwanafunzi mzito. "Na sisi kwamba ilitokea tuna karatasi. Imegongwa muhuri na shule yako." Akashusha sauti. "Halafu nikwambie kama dada yangu. Ukikanusha, kile kinarudi kuwa kibanda. Na kibanda, tingatinga lake bado liko barabarani. Na wewe utaulizwa uliandika nini. Una watoto?"

"Wawili."

"Basi rudi darasani, dada."

Alirudi. Njiani alimpita mume wake amesimama palepale nje ya kamba. Alipunga mkono. Naye akapunga, taratibu, kama sanamu iliyoombwa ipunge.

*

Siku ya ziara darasa la nne walivuka barabara kwa mistari miwili. Watoto hao wote fundi alikuwa amewashonea, alijua nani ana kiuno na nani suruali yake haisimami bila mkanda. Walijipanga mbele ya kamba wakatoa madaftari. Afisa utamaduni alieleza jinsi fundi wa zamani alivyokesha kwa mwanga wa kibatari, machozi ya furaha yakidondoka juu ya kitambaa. Fundi, ambaye hakuwa amewahi kumwona baba yake akilia isipokuwa kwa jino, alisikiliza kwa makini sawa na watoto.

Msichana mmoja wa mbele alinyoosha kidole. "Mwalimu, huyu fundi alikufa lini?"

"Yupi?"

"Huyu." Akamwonesha fundi, aliyekuwa hatua chache tu, tepu shingoni.

Darasa zima lilimgeukia, wakisubiri mwaka wa kuandika.

Mwalimu alimtazama mume wake, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alimwona alivyokonda mashavu. Halafu, mbele ya watoto arobaini na kitu, akamgeukia afisa kwa sauti ile ya ofisini.

"Mheshimiwa afisa, mada yetu ni unganishi. Kipengele cha Stadi za Kazi hakijakamilika. Shule inaomba kuazima cherehani kwa ajili ya mafunzo kwa vitendo."

"Cherehani haitoki, Mwalimu. Ni ya taifa."

"Shule ni ya nani?"

Afisa alikuna chini ya kamba ya miwani.

"Na mkaguzi wa elimu," mwalimu aliendelea, "anakuja keshokutwa. Akikuta kipengele kitupu atauliza nani alikataza. Nitamjibu, maana mimi siwezi kusema uongo. Umenisikia mwenyewe ofisini nikishindwa."

Cherehani ilitoka mchana huohuo, imebebwa na watu wanne kwa heshima ya jeneza. Kwenye karatasi ya kuazima iliandikwa: kumbukumbu ya taifa, moja, yenye pedali. Ndani ya droo yake, bila kuandikwa popote, mlikuwa na sare ya mtoto wa yule mama na suruali tatu za watu.

"Na huyu?" afisa aliuliza, kumhusu fundi.

"Huyo ni mtaalamu kutoka kwenye jamii. Mtaala unamtaka."

*

Ndivyo fundi alivyohamia nyuma ya darasa la nne, pembeni ya dirisha. Wateja walipitishia nguo dirishani. Watoto walijifunza kupima kiuno kwenye Hisabati, na mwalimu alijifunza kufundisha mume wake akimsikiliza, jambo ambalo silitakii mwanamke yeyote. Mara moja alikosea mwaka, akasikia kikohozi nyuma. Watoto wenyewe walimwita Zana, kama zana nyingine za kufundishia. "Shikamoo, Zana." "Marahaba, wanangu." Jioni nyumbani alikuwa akimlalamikia mama yake kwamba mke wake amemnyima ruhusa ya kwenda chooni mpaka kengele ilie.

"Si anyooshe kidole?" mama yake alisema.

Mkaguzi alifika asubuhi, mtu mrefu, mkavu, amebana faili kwapani. Mkuu alikuwa nyuma yake katika suti yake. Walikagua chati, wakakagua michoro, wakasimama mbele ya fundi aliyekuwa anapindia suruali ya kijivu. Nje ya dirisha alisimama mwenye suruali, kinyozi yuleyule aliyevunjiwa, kiunoni kajifunga kikoi, maana ndiyo suruali aliyokuwa nayo na mchana alikuwa na miadi ya kuomba kiti kwenye saluni ya mtu.

"Zana halisi," mkaguzi alisema, akaandika.

Shughuli ya mwisho ilikuwa kimya cha dakika moja, kuwakumbuka waliojitolea kwa ajili ya taifa. Mwalimu aliwasimamisha watoto. Mikono ubavuni, vichwa chini. Mkuu akainamisha chake. Kimya kikaanza.

Krrrr, ikasema cherehani.

Mkuu alifungua jicho moja. "Mwalimu," alinong'ona, "mzuie."

Mwalimu alimtazama mume wake. Mguu wake ulikuwa kwenye pedali, jicho kwenye mshono, na kinyozi dirishani alikuwa amekunja uso kama anayesubiri daktari. Mkataba wa kazi wa mwalimu, kibanda, kila kitu kilikuwa ndani ya faili lile kwapani. Alifikiria aseme nini. Halafu akainamisha kichwa kama watoto.

Krrrr.

"Fundi!" mkuu aliita kwa meno. "Tunakumbuka!"

"Kumbukeni tu, mkuu," fundi alijibu bila kuinua uso. "Mimi huyu ananisubiri."

Mtoto mmoja alicheka kwa pua. Mkaguzi aliinua mkono, na chumba kizima kikaganda. Alikuwa mtu wa taratibu, aliyezisoma zote, na hakuwa tayari kuona hata moja inavunjwa mbele yake.

"Mwongozo unasema dakika ya kimya," alitamka. "Kimya chenyewe hakijapatikana. Kwa hiyo dakika haijaanza. Itaanza mashine itakaponyamaza. Hadi hapo, hakuna kukaa."

Wakasimama. Watoto walisimama, mkuu alisimama ndani ya suti yake, mkaguzi alisimama na saa yake mkononi, mwalimu naye alisimama huku mabega yakimtikisika, na haikujulikana analia au anacheka. Elimu yote ya wilaya ilikuwa imesimama wima, kichwa chini, inamsubiri fundi.

Fundi alimaliza mguu wa kwanza. Akakata uzi kwa meno, akaukagua mshono kwenye mwanga wa dirisha, akaugeuza, hakuupenda sana sehemu moja, akaurudia. Kisha akaivuta suruali, akaipanga vizuri chini ya sindano, akaanza mguu wa pili.